Meli Ipige Nanga kwa Nani? Hotuba kuhusu ugomvi wa barua za Australia na New Zealand

Kwa wale ambao hamkuweza kufika Jumamosi, hii hapa hotuba yote kama nilivyoitoa ukumbini. Picha na ramani nimeziacha.

Wazee wangu shikamooni. Vijana hamjambo? Na wenzangu tuliosimama pamoja miaka ile kwenye meza ya kuchambua barua nawaona mmejificha kule nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Naanza na swali. Neno meli limetoka wapi? Jahazi tunalo, mashua tunayo, dau, ngalawa, mtepe, hayo yamekaa kwenye mwambao wetu zamani sana. Lakini meli? Meli ni neno la Kiingereza lililoshuka pwani kwetu, na kwao halikuwa chombo, lilikuwa mzigo wa barua. Chombo cha moshi kikija na barua kwa tarehe yake, watu wakaanza kukiita kwa jina la kile kilichobeba. Kwa hiyo mtoto wa Tanga akisimama ufukweni akapiga kelele meli hiyooo, kwa asili ya neno anasema barua hizooo, na hajui.

Mimi neno hilo limenigusa kwa sababu ya mama yangu. Baba alikuwa baharia, na mama alikuwa akisikia tu honi bandarini anaacha kuosha vyombo, anafuta mikono kwenye khanga, anakaa kizingitini. Haendi popote. Anakaa tu, maana anajua kati ya leo na keshokutwa ama kuna barua ama hakuna. Mtu ambaye hajawahi kungoja barua kwa wiki sita hawezi kuelewa kwa nini serikali zigombane kwa ajili ya meli ya barua. Mama angeelewa mara moja.

Sasa leo nawapeleka mbali, Australia na New Zealand, kuanzia miaka ya 1850 mpaka mwisho wa karne ile. Wakati huo hakukuwa na nchi moja inaitwa Australia. Kulikuwa na makoloni sita, New South Wales mji wake Sydney, Victoria mji wake Melbourne, South Australia mji wake Adelaide, Queensland iliyojitenga mwaka 1859 mji wake Brisbane, Western Australia huko magharibi peke yake mji wake Perth, na kisiwa cha Tasmania. New Zealand ng'ambo ya bahari ya saba. Wote chini ya malkia mmoja, lugha moja, wengi ni watoto wa shangazi na mjomba, lakini yale yaliyokwisha kupewa serikali yake yalikuwa na bunge lake, hazina yake, ushuru wake wa forodha na stempu zake. Na niseme hili kabla sijaendelea, ardhi yote hiyo ilikuwa na wenyewe, Waaborijini na Wamaori, na kwenye mikataba hii yote nitakayoitaja hakuna mtu aliyewauliza kitu.

Haya, kwa nini serikali ilipie meli? Mbona jahazi halilipiwi na serikali? Sikilizeni. Jahazi linakwenda kwa upepo na upepo ni bure, nahodha anaweza kukaa bandarini mpaka tumbo lijae mzigo ndio atweke tanga. Meli ya mvuke inakula makaa ya mawe. Inakula usiku na mchana, na makaa yenyewe yanachukua nafasi ambayo ingebeba mzigo wa kulipiwa, na kila kituo njiani lazima mtu apeleke makaa mapema yamsubiri. Halafu meli ya barua inaondoka kwa tarehe, imejaa au haijajaa. Hakuna kampuni iliyoweza kufanya hivyo kwa safari ndefu kama ile kwa nauli peke yake. Kwa hiyo serikali zinatoa ruzuku, na kampuni inaahidi tarehe, inaahidi spidi, ikichelewa inakatwa hela.

Na mwenye kutoa hela ana masharti. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Ianzie kwa nani, iishie kwa nani?

Nataka hili mlielewe vizuri maana ndio kiini chenyewe. Meli ikitoka Ulaya, bandari ya kwanza inapata barua kwanza. Mfanyabiashara wa pale anajua bei ya sufi London imepanda au imeshuka siku kadhaa kabla ya mwenzake wa mji wa mbele. Na meli ikigeuka kurudi, bandari hiyohiyo ndiyo ya mwisho kufunga mifuko, kwa hiyo ana muda mrefu wa kujibu. Je bandari ya mwisho haina faida? Inayo, tena kubwa. Meli inalala pale siku nyingi, inanunua makaa, inanunua nyama na mboga, mafundi wanapata kazi, mabaharia wanaacha mshahara wao mjini. Kwa hiyo kila mji ulitaka viwili, upate barua wa kwanza na meli ilale kwake. Haiwezekani. Meli ni moja.

Mwanzoni London ndiyo iliyoamua kila kitu. Dhahabu ilipatikana mwaka 1851, watu wakamiminika Melbourne kwa maelfu, na mwaka uliofuata kampuni ya P&O ikaleta meli ya kwanza ya mkataba, jina lake Chusan, iliingia Sydney mwezi Agosti 1852. Watu wakafurahi sana. Lakini haikupita muda vita vya Crimea vikaanza, meli zikachukuliwa kubeba askari, watu wa Australia wakarudi kwenye matanga, barua miezi mitatu na zaidi.

Vita vilipokwisha London ikatangaza zabuni, na hapa ndipo nilipokasirika niliposoma, kweli nilikasirika. Zabuni ikapewa kampuni mpya iitwayo European and Australian, kwa paundi 185,000 kwa mwaka, na makoloni yakaambiwa nusu mtalipa nyinyi. Kampuni ilikuwa na meli za kutosha? Haikuwa nazo. Ilikuwa na uzoefu? Haikuwa nao. Ilianza 1857, ikawa inachelewa, meli zinaharibika, 1858 ikaanguka, na P&O wakarudishwa. Walioamua walikuwa London na waliolipa nusu ya gharama walikuwa upande wa pili wa dunia wakikodolea macho bahari tupu. Je huyu mlipaji asidai sauti?

Na South Australia ndio walioumia kwa namna yao. Tazama ramani akilini mwako, meli inatoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, inafika pembe ya kusini magharibi ya Australia, bandari ya Albany kwenye ghuba ya King George Sound, halafu inakwenda mashariki kuelekea Melbourne. Adelaide iko njiani, ila imekaa ndani kidogo. Kuingia Adelaide kunakula muda, na Melbourne hawakutaka kupoteza muda huo. Kwa hiyo meli ikawa inawapita! Inapita na barua zao tumboni. Serikali ya Adelaide ikafikia kukodi meli yake ndogo kwa hela yake, iende mpaka Albany kungoja ile kubwa, ipokee mifuko, ikimbie nayo nyumbani. Yaani ulipe mchango wa gari halafu gari likupite mlangoni, ukodi bodaboda ulifuate kituo cha nyuma ukachukue mzigo wako. Walifanya hivyo miaka ya 1860 na hawakunyamaza hata mwaka mmoja.

Sasa twendeni Bahari ya Pasifiki, huko ndiko kuna mambo.

New Zealand iko mashariki kabisa. Kwa njia ya Ceylon na Albany na Melbourne, wao walikuwa mkia, kila mtu ameshasoma barua zake ndio zao zinafika. Wakasema, kwa nini tusigeuze dunia? Barua zije kwa upande wa pili, kupitia Amerika, sisi tuwe wa kwanza. Pale Panama wakati huo mfereji haukuwepo lakini reli ilikuwepo tangu 1855, kama kilomita 77, unashuka bahari moja unapanda treni unapanda meli bahari ya pili. New Zealand na New South Wales wakaungana kutoa ruzuku, na mwaka 1866 meli zikaanza kutoka Wellington, mji mkuu wa New Zealand, kwenda Panama. Meli zilikuwa na majina ya Kimaori, Rakaia, Kaikoura, Ruahine, Mataura.

Lakini angalieni mnyororo ulivyo. Meli kutoka Uingereza mpaka upande wa Atlantiki, treni, halafu meli nyingine mwendo mrefu wa bahari tupu mpaka Wellington. Pete moja ikikatika umeisha. Oktoba 1867 kimbunga kikapiga visiwa vya Karibi, meli ya Rhone ya kampuni iliyokuwa inaunganisha upande ule wa Atlantiki ikazama na watu zaidi ya 100. Na pale Panama, kwenye shingo ya nchi, homa ya manjano ilikuwa inaua. Abiria wakapungua, makaa yakawa ghali, na mwanzoni mwa 1869 kampuni ikafa. Wellington ikaamka asubuhi haina meli.

Sasa oneni bahati ya dunia. Mwaka huohuo, tarehe 10 Mei 1869, Marekani wakaunganisha reli yao kule Utah kutoka mashariki mpaka magharibi. Barua ikawa inaweza kuvuka bara zima kwa treni kwa muda wa kama wiki moja, ikatokea San Francisco. Na Novemba mwaka huohuo mfereji wa Suez ukafunguliwa. Milango miwili imefunguka mwaka mmoja! Mngetarajia nini? Watu wakae chini wagawane, mimi nitatumia huu wewe tumia ule, tupate barua mara mbili kwa mwezi?

Hawakukaa.

New South Wales ikaharakisha, mwaka 1870 ikaingia mkataba na bwana mmoja H. H. Hall, konsuli wa Marekani pale Sydney, na Machi meli ya Wonga Wonga ikatoka Sydney kuelekea San Francisco. New Zealand ilikuwa na postamasta mkuu mpya, Julius Vogel. Huyu mtu nampenda na simpendi. Alikuwa na haraka, alikuwa na ndoto kubwa, alikopa sana, baadaye akawa waziri mkuu. Vogel akaona Hall anaifanya New Zealand kituo cha kupita tu, akatafuta mtu wake, William H. Webb, mtengeneza meli maarufu wa New York, na 1871 Vogel mwenyewe alikuwa Marekani akihangaikia mambo hayo. Webb akaleta meli za zamani za magurudumu ya ubavuni, Nevada, Nebraska, Dakota. Kubwa, za mbao, zinakula makaa kama hazina kesho. Webb alitegemea bunge la Marekani nalo litampa ruzuku. Bunge halikutoa. Mwaka 1873 Webb akaacha.

Mnaona? Makoloni mawili jirani, bahari moja, mji mmoja wa kuelekea, na kila mmoja na mtu wake. Kila mmoja anasema meli yangu, bandari yangu. Wangeungana 1870 wangekuwa na nguvu mezani. Waligawanyika, na wenye kampuni wakawa wanaongea na huyu asubuhi na yule jioni.

Halafu ndani ya New Zealand kwenyewe kulikuwa na moto mwingine. Wakati wa Panama mshindi alikuwa Wellington. Njia ya San Francisco inapita kaskazini, kwa hiyo mshindi akawa Auckland. Watu wa kusini, Dunedin na Christchurch, wakasema na sisi tunalipa kodi, meli ishuke mpaka kwetu. Sasa meli iliyotoka San Francisco ishuke pwani yote bandari kwa bandari, na kila bandari inamla muda yule anayengoja Sydney. Ianzie kwa nani, iishie kwa nani?

Mwanzoni mwa 1873 walikutana Sydney, wajumbe wa makoloni yote, kuzungumzia hilihili. Kulikuwa na wazo zuri pale, mimi naliheshimu mpaka leo. Victoria ibaki na njia ya Ceylon, New South Wales na New Zealand zishike San Francisco, Queensland ishike njia ya kaskazini kwenye mlango bahari wa Torres, kati ya Australia na New Guinea, na tarehe zipangwe zipishane ili kila mtu apate barua mara nyingi zaidi. Wazo zuri kabisa kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba kila mmoja aliona njia yake ndiyo inayostahili kuchangiwa na wengine, na za wengine ni anasa. Mwaka 1874 Victoria ikaingia mkataba wake na P&O, Melbourne ndiyo mwisho wa safari, na Sydney ikalichukulia jambo hilo kama kofi.

Mwaka 1875 ndipo New South Wales na New Zealand wakaweka sahihi pamoja na kampuni ya Pacific Mail ya Marekani. Na mkitaka kuona ugomvi umeandikwa juu ya maji, tazameni mpango wao. Meli ikitoka San Francisco isiende Auckland kwanza, Sydney watanuna. Isiende Sydney kwanza, Auckland watanuna. Basi wakachagua kisiwa cha Kadavu huko Fiji, bandari ya Galoa, visiwa ambavyo Uingereza ilikuwa imevichukua Oktoba 1874 tu. Meli inafika pale katikati ya miamba ya matumbawe, inatia nanga, na meli ya pili iko pale inangoja. Mifuko inashushwa na kupandishwa. Hii ya Sydney, hii ya New Zealand, zinaachana hapo.

Wenzangu wa posta nyinyi mnajua maana yake. Kila unapohamisha mfuko ni nafasi ya mfuko kupotea, kulowa, kukaa. Fikirieni mko juu ya staha, jua la Fiji, lami kati ya mbao inalainika, mifuko ya turubai yenye lakiri mdomoni mnapitishiana mkono kwa mkono kushuka kwenye mashua, mashua inapanda na kushuka, kijana mmoja ameshika orodha anasoma namba kwa sauti na mwingine anaitikia. Kwa nini? Kwa sababu serikali mbili hazikuweza kukubaliana nani apige hodi kwanza. Haukudumu mpango ule, baada ya muda mfupi wakaacha Kadavu na meli ikawa inapita Honolulu, Auckland, halafu Sydney.

Ile barua niliyowaonyesha kwenye picha ni ya aina ya miaka ile. Mwandishi ameandika ukurasa wote mistari ya kulala, halafu akaigeuza karatasi akaandika tena juu yake mistari ya kusimama, inakatana na ile ya kwanza. Ukiitazama unaona wavu. Alikuwa anabana uzito, maana posta ilipima kwa nusu aunsi, kama gramu 14, ukizidisha unalipa mara mbili. Mtu huyu anahesabu gramu. Upande mwingine waheshimiwa wanagombana kwa maelfu ya paundi. Mnyonge alisubiri iliyofika kwanza, hakujali imepita Suez au San Francisco.

Queensland sitakaa sana. Njia yao ya Torres ilipata mkataba imara na kampuni ya British India, bunge lao likalumbana mno mwaka 1880, upinzani chini ya Samuel Griffith ukauzuia kwa kila mbinu, lakini 1881 meli ya kwanza Merkara ikafika. Meli ile ilishukia kaskazini kwanza, Cooktown, Townsville, ndio mwisho Brisbane, kwa hiyo watu wa kaskazini walioona wamesahauliwa na mji mkuu wakapata chombo chao. Ninaitaja kwa sababu moja, kampuni hiyohiyo ya British India ndiyo iliyoanza kuleta meli ya barua ya kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar mwaka 1872. Na kwetu nani aliulizwa ipite wapi? Posta ya Zanzibar ilikuwa chini ya serikali ya India, barua zikibandikwa stempu za India mpaka 1895. Wale wa Melbourne na Sydney waligombana kwa sababu walikuwa na bunge la kugombania. Huku meli ilikuja, tukaipa jina, basi.

Polepole mambo yalituliaje? Kwa vitu viwili. Kwanza waya. Mwaka 1872 simu ya waya ilikatiza bara kutoka Adelaide mpaka Darwin ikaungana na nyaya za baharini, na bei ya sufi ikaanza kufika bila kungoja meli. Pili reli. 1883 reli za Sydney na Melbourne zikakutana mpakani Albury, ingawa upana wa reli haukulingana na abiria alishuka treni moja akapanda nyingine usiku na mizigo yake. 1887 Adelaide na Melbourne zikaungana. Hapo Adelaide, ile iliyokuwa ikipitwa, ikageuka mlango, mifuko inashushwa pale inakimbizwa kwa treni inafika Melbourne kabla ya meli. Mwaka 1888 makoloni yakaingia pamoja na London kwenye mikataba na P&O na Orient, meli kila wiki. Na tarehe 1 Machi 1901 posta zote sita zikawa za serikali moja ya shirikisho.

Namalizia na Albany.

Mji mdogo kule kusini magharibi, bandari yenye kina kizuri ya asili. Karibu miaka 50 meli ya Ulaya iligusa pale kwanza. Perth, mji mkuu wao wenyewe, ulikuwa unapata barua zake kutoka Albany kwa gari la farasi, kama kilomita 400 za vumbi na mchanga, mpaka reli ilipofika 1889, kwa sababu mdomo wa mto kule Fremantle karibu na Perth ulikuwa umezibwa na mwamba na meli kubwa haziingii. Halafu mhandisi C. Y. O'Connor akaulipua mwamba ule, akachimba bandari, na Mei 1897 meli iitwayo Sultan ikaingia. Serikali ya Perth ikawa inasukuma na kusukuma, meli ya barua ihamie kwetu. Albany wakapinga walivyoweza. Mwaka 1900 meli ikahamia Fremantle.

Fikirieni mtu wa Albany asubuhi ile. Mwenye mashua ya kushusha mifuko, mama mwenye nyumba ya wageni, kijana wa makaa. Wamezoea tangu wazaliwe kutazama upande mmoja wa bahari siku ileile ya ratiba. Moshi unaonekana kwa mbali, na meli haigeuzi pua.